Chekecheke na Vipimo Viwili

Nyumbani kwa Fundi Saa,
Jumapili asubuhi, 9 Machi.

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu tele. Mgongo wako unaendeleaje? Na shemeji, bado anakuficha sukari? Huku wote ni wazima isipokuwa mimi, na habari yangu iko chini. Usiruke mistari, nakujua.

Binti yako, ambaye hapa tunamwita Chekecheke kwa kuwa hapokei neno bila kulichuja, mwezi uliopita aliiteka meza yetu ya chakula. Maabara yao ilitaka kuachana na kipimo cha zamani cha kifua kikuu, kile cha hadubini, ibaki na kipya cha haraka. Hesabu ya jumla ilionyesha kipya hukosea mara chache zaidi. Mkuu wake alishashika kalamu ya kutia sahihi. Binti akamwomba asubiri.

Alileta kadi mia nne zisizo na majina. Ukweli wa kila mgonjwa ulishajulikana kwa kuotesha vijidudu vya makohozi, kazi ya wiki nyingi. Akazipanga mafungu, vijana kwa vijana, wazee kwa wazee, na sisi tukala tumepakata sahani. Kumbe kipimo kipya kilitumika zaidi kwa vijana wa kiwandani, na hadubini ikaachiwa wodi ya wazee. Ni kama kumsifu fundi anayeletewa saa mpya tupu! Aliposhindanisha watu wa rika moja, kipya kiliongoza kwa vijana. Kwa waliopita sitini, hadubini ilikiacha mbali.

Hapo nikaacha kutafuna. Nina miaka sitini na minane, na kikohozi changu kilipimwa kwa hicho kipya. Niliambiwa sina kitu, nikajitapa mtaa mzima.

Binti alinitazama, akaweka mkono juu ya fungu la wazee.

"Baba mkubwa, katika kila wagonjwa wanne wa hapa, kipya kilimwambia mmoja hana kitu. Kesho tunarudi kupima."

Tukarudi, na hadubini ikauona ugonjwa. Wenzangu nyumbani wamepimwa, ni salama. Mimi nimo katika wiki ya tatu ya dawa na usingizi umerejea. Mkuu wake, mtu bahili wa sifa, alisoma mafungu yale, kisha akairudisha kalamu mfukoni.

Msalimie shemeji, na shangazi umwambie bado nipo. Mungu awatunze nyote.

Ulipomleta binti hapa, uliniomba nimwangalie. Ndugu yangu, yeye ndiye aliyeniangalia mimi.

Ni mimi kaka yako akupendaye, ambaye siku hizi anakohoa kidogo tu.