Nilimwambia mpwa wangu niko peke yangu, behewa zima likasikia

Mpendwa mshauri, naomba msaada mimi ambaye kwa kawaida ndiye huombwa, maana mimi ni fundi mizani, na katika masoko matatu hakuna kilo inayokubali kuwa kilo mpaka niiguse. Shule niliishia darasa la sita, nililisoma mara mbili kwa kulipenda, lakini kwa maneno mimi ni profesa, kila Jumanne napanda treni ya asubuhi kwenda kutengeneza mizani mji wa pili na abiria wananijua, nikianza kuongea na simu behewa linatulia, siku moja treni ilichelewa kuondoka dakika kumi dereva akingoja nimalize kisa cha nyoka aliyejipima mwenyewe kwenye mzani wangu, sikudanganyi.

Sasa wiki mbili zilizopita, humo humo kwenye treni, mpwa wangu akanipigia, binti wa dada yangu niliyembeba mabegani tangu hajaota meno, siku hizi anafanya kazi duka la dawa na ana mchumba, mpima ardhi. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mjomba, uko peke yako?" Nikamjibu, "Peke yangu kabisa mwanangu, mwaga." Mshauri, tulikuwa watu themanini mle ndani, ila nilimaanisha hakuna mtu wa kwetu.

Akaniambia daktari amempima mara tatu, kupata mtoto kwake itakuwa vigumu, labda isiwezekane, na mchumba bado hajui, atamwambia Jumamosi kwa mdomo wake mwenyewe, ila anaogopa, ndiyo maana ameanza na mimi. Simu ilikuwa kwenye spika kama siku zote. Na juu ya spika kuna ugonjwa wa kazi yetu, kwenye mzani fundi husoma uzito kisha akaurudia kwa sauti ili muuzaji na mnunuzi wawe mashahidi, miaka ishirini na sita mimi ndiyo hivyo, ukiniambia jambo nalirudia. Basi alilonong'ona nikalirudia kwa sauti ya soko: "Daktari kasema kuzaa kwako ni shida, sawa. Huyo mpima ardhi wako hajui, sawa. Mpaka Jumamosi, sawa." Nikataja mpaka duka la dawa lilipo, ajue namsikiliza.

Mama mmoja aliyepakata mtoto aliyelala akaniambia, "Baba, punguza sauti, hayo ni ya mtu." Nikamwambia nauli tumelipa sawa, nikaendelea, nikaongeza na ushauri, "Ukweli wa ndoa unapimwa kidogo kidogo, mwanangu, usimwage gunia lote."

Dirishani alikuwepo mwanamke wa miwani anasoma kitabu, nikaona ameacha kufunua kurasa. Aliposhuka aliniinamia, taratibu kabisa, akasema, "Mwambie mpwa wako, shangazi wa mchumba wake anamsalimu."

Kufika jioni mchumba alikuwa anajua. Hakumtukana, alimuuliza tu, "Watu wa kwenye treni wamejuaje kabla yangu?" Tangu hapo hajaja, na Jumamosi ile imeshapita. Nilipokwenda kwa dada yangu, mpwa wangu alisimama mlangoni, akasema, "Mjomba, nilikuuliza." Basi, akaingia ndani. Dada yangu akaniambia, "Kaka, usije kwanza." Jana nilikosea mzani mbele ya watu, mimi nisiyekosea, na simu yangu iko mfukoni haiiti, nikiitoa naiona kama kitu nilichomuua nacho mtu.

Kila anayeniuliza habari ya spika namjibu kwamba mwanamume asiye na makosa haongei kwa kujificha. Ukweli ni huu, na usicheke: tangu niinunue simu hii mwaka juzi, sijui kuitoa kwenye spika. Mimi fundi, naona haya kuuliza.

Mjomba, Fundi Mizani

*

Mjomba Fundi,

Pole. Naona unavyoumia, lakini sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Spika haikusema uko peke yako. Ulisema wewe. Yule mama mwenye mtoto alikupa mlango wa kutokea, ukamjibu habari za nauli. Nauli hununua kiti, mjomba. Hainunui masikio ya jirani.

Shangazi yule naye alikosea kutangulia kusema, ila huyo si mzigo wako. Wako ni huu: katika mkasa wote ule mpwa wako alibakiwa na jambo moja la kuchagua, nani amwambie na lini. Hilo ndilo ulilomnyang'anya. Mchumba arudi asirudi, hilo halirudi, nami siwezi kukuandikia dawa ambayo haipo.

Sasa sikiliza. Usimpigie wala usitume watu. Nenda kwa dada yako, omba dakika tano za binti. Akikataa, geuka, uende tena wiki nyingine bila kununa. Akikubali, mwambie, "Uliniuliza, nikakudanganya." Ishia hapo. Usimletee nyoka wala dereva wa treni. Habari ya spika ngoja akuulize, maana ukiianza wewe itasikika kama utetezi. Akitaka ukamweleze mchumba kwamba Jumamosi alikuwa amwambie mwenyewe, nenda ukashuhudie. Asipotaka, funga mdomo.

Leo hii mpe simu yako mtu yeyote mwenye macho akuoneshe pa kubonyeza. Ni aibu ya dakika moja, na umeshaona bei ya kuikwepa. Ukipanda treni, simu itetemeke tu, isilie. Akipiga mtu, sema kwa sauti ya chini, "Niko safarini, kuna watu, nitakupigia nikishuka." Hilo la kuna watu usiliruke hata siku moja.

Huenda mwaka ukapita kimya. Uvumilie. Na siku mpwa wako atakapokupigia, hata kwa salamu tupu, usipokee ndani ya treni. Shuka kituo kinachofuata, sogea mbali na watu, ndipo umpigie wewe. Treni nyingine itakuja.