Leo Nimekataa Uji wa Mzee Mwita

Tarime, Jumanne, mwezi wa nne

Mvua inanyesha tangu asubuhi na haina haraka ya kwenda popote. Nimerudi na matope hadi magotini, viatu nimeviacha mlangoni, na sina hamu ya kula. Nimechoka. Si uchovu ule wa kulala ukaisha.

Kwa aliyeingia kwenye blogu hii leo kwa mara ya kwanza: mimi ni muuguzi, na tangu mwaka jana nimeazimwa kwenye utafiti wa wagonjwa wa figo. Tunawafuatilia watu wa Tarime na Serengeti wanaosafishwa damu kwa mashine, tuone nani anaendelea vizuri, nani anaacha, na kwa nini. Mashine iko mjini na watu wako vijijini. Kwa hiyo kila mwezi nakodi bodaboda, naingia Nyarero, naingia Nyamwaga, nakaa kwenye kiti cha plastiki na kuuliza maswali yaleyale. Unalala vizuri? Miguu inavimba? Kwa siku unakunywa kiasi gani?

Hilo la kunywa ndilo kubwa. Figo zikishakufa mtu hapati mkojo, na kila anachokunywa kinabaki mwilini hadi siku ya mashine. Kikizidi kinapanda kwenye mapafu. Mtu anazama akiwa amekaa kitandani kwake.

Wiki iliyopita nilifika kwa mgonjwa wetu mmoja Nyarero nikakuta wanafungua turubai la msiba. Nilikaa na wafiwa kidogo nikaondoka. Mkuu wa utafiti wetu, daktari mpole tu, aliandika kwenye kundi la WhatsApp kama anavyoandika siku zote: mgonjwa hakufuata masharti. Hiyo sentensi inanichosha kuliko barabara ya Nyamwaga.

Leo ilikuwa zamu ya Mzee Mwita.

Huyu mzee nampenda, niseme ukweli. Mtafiti hatakiwi kuwa na mgonjwa anayempenda, lakini mimi ninaye. Ana migomba nyuma ya nyumba, ng'ombe wachache waliobaki, na ulimi mkali. Kila nikija ananiuliza kama nimeolewa, na nikisema bado anasema vijana wa siku hizi macho yao nayo yapelekwe kwenye mashine. Siku za kusafishwa anaanza safari kungali giza, na hajawahi kukosa. Tatizo ni kwamba kila akifika anafika amevimba. Mara ya mwisho walimwekea oksijeni, na mkewe aliambiwa waziwazi kwamba akija tena katika hali ile anaweza asirudi nyumbani.

Na kila mwezi nikimuuliza anakunywa kiasi gani, jibu ni moja. "Kikombe kimoja kwa siku, kama mlivyosema." Nami naandika.

Leo mkewe, Mama Chacha, alinipokea njiani kabla sijafika uani. Alikuwa amesimama kwenye mvua, kanga kichwani, na nadhani alikuwa ananisubiri kweli. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama.

"Umekuja kuuliza tena kwa nini anavimba?"

Nikasema ndiyo, mama.

"Anavimba kwa ajili yenu. Asubuhi wamekuja wa kanisani. Wale wametoka, wakaingia wa ukoo wake. Sasa wewe. Na kila mmoja lazima aonjewe."

Mvua ilikuwa inaniingia shingoni.

Hilo la kuonja nalijua. Mimi ni Mkurya, nimezaliwa vilima viwili tu kutoka pale. Kwetu mgeni hatoki na mdomo mkavu, na mgeni hanywi kabla mwenye mji, yaani baba wa nyumba, hajanywa mbele ya macho yake. Ndivyo anavyokuonyesha kwamba kikombe ni safi, hakuna sumu wala uchawi aliokutilia. Na si kuonja kwa ncha ya ulimi. Anakunywa hadi nusu, kisha anakupa umalizie. Sasa Mzee Mwita kadiri anavyozidi kuugua, ndivyo watu wanavyozidi kuja kumpa pole, na kila pole ni nusu kikombe cha uji. Kile kikombe kimoja anachotutajia ni chake mwenyewe, cha kiu. Vya wageni havimo, kwa sababu kwake huko si kunywa. Ni kukaribisha.

Hakunidanganya hata siku moja.

Nami nimekaa kwenye kile kiti cha plastiki mwezi baada ya mwezi, nikipokea nusu yangu, nikijifuta mdomo, nikiandika kikombe kimoja.

Nikamuuliza Mama Chacha kwa nini mtoto wao mkubwa asionje kwa niaba ya baba yake. Yule anachimba dhahabu Nyamongo lakini nyumbani anakuja mara kwa mara. Akasema alishajaribu. Mzee alimnyang'anya kikombe mbele ya watu akamuuliza, "Nimeshakufa?" Mama Chacha mwenyewe alijaribu kuwarudisha wageni njiani, na sasa kijiji kizima kinamwita mchoyo aliyemfungia mume ndani.

"Wewe umesoma," akaniambia. "Leo usinywe."

Nikamwahidi.

Mzee Mwita alikuwa kwenye kiti chake, blanketi mabegani, uso umejaa, macho yamebaki madogo. "Shikamoo, tata," nikasema, yaani baba kwa Kikurya. Akaitikia, akauliza habari za mchumba. Kabla sijafungua begi akaagiza uji. Mama Chacha akauleta, uji wa ulezi, kwenye kile kikombe chao kikubwa cha bati. Mzee akakishika kwa mikono miwili.

"Tata, leo nimefunga," nikasema haraka. "Tuko kwenye wiki ya maombi."

Uongo wa kitoto. Nilidhani atasema haya basi, kikombe kitarudi jikoni, na tutakuwa tumeokoa nusu yake.

Alinitazama. Kisha akamtazama mkewe, ambaye alikuwa ameshika mlango akiangalia nje.

"Kumbe na wewe wamekuambia," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Wanasema ugonjwa huu ni wa kutupiwa. Wengine wanasema mimi ndiye ninayetupia. Wapo walioacha kunywa kwangu, nawajua. Sikujua na wewe umo, mwanangu."

Nikafungua mdomo kueleza. Nikataja figo, nikataja maji, nikataja mapafu, nikawa naongea kama bango la kliniki. Hakuwa ananisikiliza. Aliinua kikombe akanywa nusu yake kama kawaida, akaninyooshea. Mikono yangu ilikuwa mapajani, na niliiacha hapohapo, kwa sababu nilikuwa nimeahidi na kwa sababu sikujua la kufanya. Basi akakirudisha mdomoni, akanywa na nusu yangu. Taratibu, huku anapumzika katikati kuvuta hewa. Akamaliza. Akakigeuza kikombe juu chini nione kimekauka.

"Umeona? Ni uji tu."

Mama Chacha aliingia chumbani, nikamsikia analia.

Sina cha kujitetea. Nilitaka kumpunguzia nusu kikombe, nimemwongezea nusu. Ningekipokea, angekunywa nusu tu na heshima yake ingebaki mahali pake. Nimepoteza vyote viwili kwa mkupuo mmoja, mimi niliyesoma. Swali hata moja la utafiti sikuuliza. Nilimwomba msamaha, akaniambia niwahi kabla mvua haijazidi, akamwita dereva wangu wa bodaboda aje anywe, na yule kijana, Mungu ambariki, akasema mikono yake ina grisi na akakaa mbali.

Njia nzima nilikuwa nawaza maswali yetu. Tumekuwa tukiuliza watu wanakunywa kiasi gani. Hatujawahi kuuliza wametembelewa na nani. Huko Serengeti pia lazima wako akina Mzee Mwita, wanaoheshimiwa hadi wanavimba, na sisi tunaandika kwamba hawakufuata masharti. Jioni hii nimeandika haya yote kwenye kundi, marefu, bila kuchuja maneno. Daktari amejibu kwamba ni jambo la kuvutia, tulizungumze kwenye kikao.

La kuvutia! Nilitaka kuitupa simu ukutani. Halafu nikakumbuka kwamba yeye hakukiona kile kikombe kikigeuzwa.

Nimefikiria la kufanya. Labda tuzungumze na mchungaji na wazee wa ukoo, watu wakubaliane kumpa pole baada ya siku ya mashine, wachache wachache. Labda nimpelekee zawadi ya vikombe vile vidogo vya kahawa, aonje kama kawaida na abaki mwenye mji wake. Namwona kabisa mzee wa Kikurya ameshika kikombe kinachoingia ndani ya ngumi. Atanicheka hadi aishiwe pumzi, na pumzi zenyewe hana.

Nilipomaliza kula, au tuseme nilipoacha kujaribu kula, nilimpigia Mama Chacha. Nilimsikia mzee nyuma yake akipumua kwa kifupi kifupi, kifua kinakoroma. Hawezi kulala, wamemwegemeza kwa mito. Nikamwambia wasisubiri alfajiri, watafute gari sasa hivi. Akasema mwanawe ameshapata gari, limeshapita njia panda, linakuja kumchukua.

Nilimwomba anisamehe. Akasema hana nafasi ya kunikasirikia leo. Kisha nikasikia wanasemezana kwa Kikurya, sauti ya mzee ikikatika katikati ya maneno.

"Anasema mwezi ujao uje ukiwa hujafunga," Mama Chacha akaniambia.

Nikasema nitakuja. Nikasema na uji nitakunywa.

Sasa nimekaa kitandani na nguo zangu za safari, najiuliza nimeahidi nini. Kama muuguzi najua uzito wa nusu kikombe kwenye kifua kile. Vile vidogo vya kahawa nitavibeba kwenye begi, na nitambembeleza kadiri nitakavyoweza. Lakini akivikataa, nitanyoosha mikono nipokee kile cha bati.

Awepo tu wa kunionjea.