Karatasi ya Kupimia Kisu

Jumatatu, 5 Julai 1993
Leo nimetembea Bunda nzima nimenyoosha shingo! Rafaeli wangu amefanywa msimamizi wa wanagenzi pale jinari, kwenye kuchambua pamba. Meneja kamwita ofisini, kamkalisha kitini, kampa fomu. Kila mwezi ataandika mwanagenzi kafundishwa nini na kaharibu nini. Pamba ikiharibika anaulizwa Rafaeli. Mimi nimeishia darasa la nne, mwanangu anamwandikia meneja!

Mwanagenzi mwenyewe ni Dorkas, binti wa Petronila ninayeimba naye kwaya. Nafasi nilimwombea mimi. Rafaeli alisita, msichana kwenye mashine? Nikamwambia, kwani mashine inauliza?

Mzee Kwangu, fundi wa siku nyingi pale, kapita kutusalimia. Kamwambia Rafaeli mbele yangu: fundi hafundishi yote, anabakiza moja la kulia ugali. Nikacheka sana. Nikamjibu, choyo hicho ni chako mzee, mwanangu hakukinyonya kwa mama yake.

Alhamisi, 12 Agosti 1993
Rafaeli kachana tena daftari langu hili ninaloandikia! Karatasi mbili za nyuma. Daftari aliloniachia marehemu baba yake, karatasi nyembamba, siku hizi hazipatikani. Anasema kipimo cha chuma kilipotea tangu miaka ile ya shida na kingine hakijaletwa. Basi yeye anapitisha karatasi katikati ya kisu cha mashine na roli ya ngozi. Ikibana, pamba inakatika. Ikilegea, mbegu zinapita. Inatakiwa iteleze huku inakataa kidogo. Na iwe safi — iliyoandikwa haifai, kalamu imeshaitia mabonde. Hayo hakufundishwa na mtu. Kayatoa kichwani mwake!

Dorkas bado anafagia na kupaka grisi. Mchana anakulaga kwetu. Anawamaliza furu wangu, visamaki vya ziwani, na miiba yao.

Nimemuuliza Rafaeli, hiyo ya karatasi umemwonyesha? Bado. Labda msimu ujao. Labda. Nikamwambia mfundishe yote, Mungu hakukupa ili ufiche.

Jumamosi, 9 Julai 1994
Mashine za jinari zinasikika mpaka hapa nyumbani. Rafaeli hukaaga anakula, ghafla tonge linasimama mkononi: "Namba nne inakohoa." Leo yamesimama matonge mawili! Dorkas naye kasikia. Wakatazamana, wakacheka, wakatoka mbio, ugali wangu ukapoa.

Kaenda kairekebisha binti peke yake, kwa karatasi. Rafaeli kasimama nyuma, mikono mfukoni. Anasema meneja ananung'unika, msimu huu mashine zake zimechambua pamba kidogo kwa sababu ya kufundisha. Lakini anavyolisema! Kama mtu aliyepata mtoto. Kesho kanisani nitamsimulia Petronila mpaka achoke.

Jumatano, 9 Novemba 1994
Fomu ya mwisho imekuja. Inataka msimamizi aseme kama mwanagenzi anaweza kazi yote bila kusimamiwa. Imekaa mezani siku tatu. Meneja kaiulizia mara mbili. Rafaeli anasema, mama, tungoje msimu mmoja, watu wanasema jinari itakodishwa kwa kampuni ya mtu binafsi.

Nikamjia juu! Anaweza au hawezi? Anaweza. Basi andika. Usimfanyie mtoto wa mwenzio roho ya Mzee Kwangu.

Kaweka sahihi mbele yangu. Sahihi nzuri, ina mkia. Nikachinja kuku.

Ijumaa, 2 Juni 1995
Majina yamebandikwa getini. Wanaopunguzwa. Rafaeli yumo.

Dorkas hayumo. Mzee Kwangu hayumo.

Siwezi kuandika.

Jumapili, 4 Juni 1995
Kanisani nimekaa nyuma. Mimi, wa kukaa nyuma! Petronila kanifuata nje, kanishika mikono, analia. Anasema binti anataka kuacha kazi. Nikamwambia asithubutu. Nilisema kwa sauti nzuri, watu walikuwa wanatutazama.

Nyumbani Rafaeli kanieleza. Meneja mpya, wa kampuni iliyoikodi jinari, alifungua faili mbele yake, akamwonyesha sahihi yake mwenyewe: huyu anaweza yote peke yake, na bado analipwa mshahara wa mwanagenzi, sasa wawili wa nini? Nikamuuliza, na Mzee Kwangu? Mzee ana mashine ya kufunga marobota ya pamba. Hakuna mwingine anayeijua.

"Ningekuwa meneja, mama, hata mimi ningefanya hivyo."

Hakusema, wewe ndiye uliyenihimiza. Angesema tu! Nilimngoja aseme. Kachukua sahani yangu, kaenda kuiosha.

Jumanne, 18 Julai 1995
Tangu asubuhi Rafaeli yuko uani, anatengeneza baiskeli ya mtu. Pamba imeanza kuchambuliwa. Saa nne spana ikasimama mkononi. "Namba nne inakohoa." Hakumwambia mtu, kaiambia baiskeli. Saa sita mashine ikanyamaza.

Sasa Dorkas yuko mlangoni. Ovaroli, grisi mpaka shavuni. Kapiga goti, shikamoo mama. Nikaitikia. Karatasi alizoachiwa na Rafaeli zimekwisha, kajaribu za dukani, nene. Meneja kasimama kwenye mashine anatazama saa. "Mama, naomba moja tu ya lile daftari. Nikishindwa leo na mimi nimekwisha."

Nikamuuliza, na fundi mwenyewe je? Si wamwite? Kaangalia chini. Meneja kakataza, waliopunguzwa wasivuke geti.

Nilidhani Rafaeli hasikii. Sauti ikatoka uani, ya taratibu, kama anafundisha: "Mpe mbili, mama. Moja ikiingia mafuta haifai tena."

Nikasema, ngojeni nikalitafute.

Niko nalo chumbani. Karatasi safi zilikuwa zimebaki mbili. Hii ni ya kwanza. Naandika maneno makubwamakubwa. Nimeigeuza, naandika na huku. Rafaeli kaita, mama, umeliona? Bado, nimejibu. Bado nalitafuta, mwanangu. Nabonyeza kalamu kwa nguvu. Sasa nimeingia kwenye ile ya pili —