Mikanda Sita

3 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini kile kikohozi kimekuacha, na mama hajachoka kukukumbusha dawa. Mimi mzima, ila kwa mawe ya njia za huku mgongo umekuwa wa bibi kizee.

Kazi naipenda. Kila Jumatatu na Alhamisi nampandisha muuguzi na dawa zake kwenye zahanati za mlimani, tunarudi na wagonjwa wasioweza kutembea. Yale magari matatu uliyoyanyanyua kwa springi ndefu ili yapite juu ya mawe yamekuwa gumzo hapa. Madereva wenzangu, Babu Kofia na yule tunayemwita Kimya, wanasema fundi wetu ana mkono mzuri. Mimi najitia sisikii, kumbe kichwa kimevimba.

Ila kuna jambo. Gurudumu la nyuma kushoto likidumbukia shimoni, nasikia "ko" chini yangu. Jumatatu nilisimama nikachungulia, nikaikuta springi imekaa upande, nusu imetoka kwenye kikombe chake pale juu ya ekseli. Niliinua gari kwa jeki, nikairudisha kwa mtaimbo, tukaendelea na safari. Hii ni nini, baba?

Mwanao

12 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Kikohozi kipo, tumeshazoeana. Mama yako anakusalimu, anauliza unakula nini huko, nami namwambia unakula vumbi.

Hiyo springi isikutie wasiwasi. Nakujua wewe, ukiona shimo huachii mafuta, unaruka nalo. Gari lililonyanyuliwa linataka adabu: unashusha gurudumu polepole, kama unamlaza mtoto. Chukua waya mgumu, ifunge springi na kikombe chake mizunguko minne, ukaze kwa koleo. Kwisha habari.

Na usiende kumwambia msimamizi wako, wala wenzako. Watu wa ofisini hawajui springi wala shokapu, wakisikia kitu kimetoka watasema gari zima bovu. Gereji hii ina miaka thelathini na minane, na hakuna gari langu lililorudi likivutwa kwa kamba.

Baba

20 Februari

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, na safari hii nasema hivyo nikishukuru kweli.

Waya umekaa safari moja tu. Alhamisi, pale kwenye mteremko wa mawe, gurudumu lilining'inia hewani, nikatupa jicho kwenye kioo nikaona springi yetu inajibiringisha kuelekea bondeni. Gari liliinama, mgonjwa akamwangukia muuguzi. Nilikuwa naenda mwendo wa kinyonga, baba, kwa hiyo hayo ya kuruka mashimo tuyaache.

Tuliifuata springi kwa miguu. Nikanyanyua gari kwa chesisi hadi magurudumu ya nyuma yakaning'inia, nikalala chini. Ekseli inashuka kuliko springi inavyoweza kuifuata. Inabaki nafasi ya vidole vitatu, springi inacheza tu. Shokapu ni ndefu mno, ndizo zinazoiachia ekseli ishuke hivyo. Waya hauna la kufanya hapo.

Sasa nakuuliza, na usinizungushe. Kwako gari lolote lililonyanyuliwa halitoki bila kuning'inizwa. Nimekua nikikushikia tochi. Unaingiza mkono, unajaribu kuizungusha springi. Ikizunguka, gari linabaki. Haya yetu uliyaning'iniza?

Langu nimelisingizia homa, nimelipaki. Lakini Babu Kofia na Kimya wanapanda mlima uleule na watu nyuma, na hawajui. Sijawaambia kwa sababu uliniomba. Nijibu upesi.

Mwanao

6 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mvua zimeanza huku. Bati la gereji linavuja pale juu ya meza ya vyuma, mama yako ameweka ndoo, ndoo nayo ina tundu. Nakusimulia ya ndoo kwa sababu barua hii naianza kwa mara ya tano.

Niliyaning'iniza. Yote matatu. Springi zilizunguka mkononi kama bangili kwenye mkono mwembamba.

Shokapu zilizoletwa zilikuwa za springi ndefu zaidi. Kuzibadilisha ilikuwa ni kungoja mwezi mzima, na wewe ulishasimama mlangoni na begi lako, wenzako wanakunywa chai, wote wananiita fundi mkuu. Nikakutazama ulivyokuwa umefurahi. Nikayashusha magari, nikajiambia njia haiwezi kuwa mbaya hivyo. Tangu barua yako ya kwanza situlii. Nafungua boneti ya mtu, nasahau nilifuata nini.

Dawa ipo. Ni mikanda minene, ile ya kufungia mizigo ya lori, miwili kwa kila gari, kutoka kwenye chesisi hadi kwenye ekseli. Inaizuia ekseli isishuke hadi springi ikalegea. Nimeishona mwenyewe. Kifua kikiniruhusu nitakuja Jumapili ya tarehe ishirini, madereva wakiwa kwao. Nitafunga yote niondoke, hakuna atakayejua. Nivumilie hizi wiki mbili. Nina jina tu, mwanangu, sina kingine cha kuwaachia.

Baba

10 Machi

Baba,

Shikamoo.

Sikuweza.

Leo asubuhi Babu Kofia alikuwa anapakia watu sita, mmoja mama mwenye mtoto mgongoni. Akanitania kwamba siku hizi nimenyong'onyea kama niliyeachwa na mchumba. Barua yako ilikuwa mfukoni. Nikaingiza mkono dirishani, nikachomoa ufunguo wake.

Niliwasomea barua yako, wao na msimamizi. Nilitaka kuishia kwenye mikanda, sauti ikaendelea yenyewe hadi pale pa jina. Kimya aliingia chini ya gari lake, akatoka, akaenda kunawa mikono na kukaa huko muda mrefu. Babu Kofia ndiye aliyesema, "Mwambie aje. Lakini aje siku ya kazi, sote tukimtazama."

Magari yote yamesimama. Zahanati za mlimani dawa zitawaishia, wagonjwa watateremka kwa miguu. Najua nimekuvua nguo mbele ya watu. Nimelia, nimenawa uso, na bado ule ufunguo nisingemrudishia. Ukinikasirikia nitaelewa. Ila njoo.

Mwanao

17 Machi

Binti yangu,

Marahaba.

Nilikasirika siku tatu. Hata mama yako sikumsemesha, na yeye hajanikosea lolote. Siku ya nne nikaingia stoo kufagia, nikakuta maboksi matupu ya zile shokapu, kila boksi la jozi moja. Yalikuwa manne. Magari yenu ni matatu.

Jozi ya nne nilimfungia mchimba visima mmoja, mcheshi mwenye pengo, wiki ileile. Gari lake nalo nililining'iniza, springi ikazunguka, nikalishusha. Nilikuwa nimeshajisahaulisha. Ungenyamaza, ningewafungia ninyi mikanda kimyakimya nirudi nyumbani, na huyu nisingemkumbuka kabisa.

Kwa hiyo kwenu siji kwanza. Mikanda sita inakuja kwa basi pamoja na barua hii. Utafunga wewe. Ning'iniza gari, kisha inua ekseli kwa jeki ya pili mpaka springi ibanwe, igome kuzunguka. Mkanda uishie hapohapo, usiuachie hata kidole kimoja. Bolti nimezitia kwenye soksi. Waite madereva wakutazame ukifanya. Mwambie Babu Kofia nitakuja kusimama mbele yake, siku ya kazi, na aniambie yote aliyonayo moyoni.

Mchimba visima yuko kambi ya huko juu, siku nzima ya safari kutoka hapa. Wananiambia keshokutwa anateremka na mkewe na mitambo. Mama yako anasema nimtume mtu, kifua hakijatulia na mvua haijakatika. Nimeshavaa viatu, mikanda mingine miwili iko begani, naandika nimesimama. Siwezi kumtuma mtu akanisemee kosa langu.

Baba