Tuba ya Pili

Matiri, Agosti 1995

Kaka Aidan,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mama bado anaugulia goti. Siku hizi kahawa inanunuliwa na yeyote mwenye lori, na mmoja wa wanunuzi hao ameleta parokiani tuba mbili, anasema zote zimetoka Ujerumani, bendi ichague moja. Nikapewa mimi kazi ya kuzipuliza na kuzijaribu.

Ya kwanza ni nyepesi na vitufe vyake ni laini, lakini sauti za chini inazitoa kama debe tupu. Ya pili imepakwa rangi mpya, inang'aa. Ilinguruma vizuri mpaka kitufe cha tatu kilipokwama. Bila kufikiri nikakipiga kwa kiganja kutoka chini, kama ulivyonifundisha kwenye ile tuba yetu uliyoipeleka Dar kutengenezwa, ukatuandikia kwamba imeibiwa njiani.

Kikaachia.

Sijamwambia mtu. Labda tuba zote hukwama hivyo. Wewe ndiye mjuzi. Lakini baba, ambaye sasa haoni kabisa, alikuwa ameketi nje akisikiliza. Nilipotoka aliniuliza, "Aidan amerudi lini?"

Niambie nimjibu nini.

Mdogo wako,
Erasmo