Pampu Nitaifunga Mwenyewe

Gitothua, Ruiru,
Jumapili, 9 Machi 2025.

Mpendwa ndugu yangu Absalom,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi la Ruiru, maana mvua bado inatuzungusha. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unanisumbua kwa kuinama kazini. Maxine binti yangu pia hajambo, amehamia chumba karibu na chuo kule Juja na ananikumbuka siku chakula kikimwishia. Nanyi je, hapo Port Victoria? Mama anaendeleaje na lile goti? Bado anakataa fimbo? Mwambie fimbo si uzee, ni akili. Na wifi yangu Mitchell, kikohozi kilimwacha? Natumaini Mungu amewashika wote.

Najua unajiuliza mbona nakuandikia barua na simu ninayo. Sababu unaijua, ndugu yangu. Kwa simu nikifika penye uchungu unaniambia netiweki imepotea. Karatasi haina netiweki. Kwa hivyo keti, usome, na kile kifurushi kilichofungwa kwa gazeti ndani ya boksi lililokuja na barua hii usikifungue mpaka nikwambie.

La kwanza. Najua Baba Mdogo anataka kuuza injini ya boti ya baba yetu. Usishtuke. Najua mnunuzi ni yule mchuuzi wa samaki wa bichi ya jirani. Najua walikuja nyumbani kwa Mama, wakanywa chai ya Mama na sukari ya Mama, wakapeana mikono, na wewe ulikuwa umekaa hapo ukiangalia miguu yako. Aliyeniambia ni mtu mwenye akili na analala kitanda kimoja na wewe, kwa hivyo usimguse na usimnunie. Mimi nasema injini haiuzwi. Nalisema mapema ili usisome ukitafuta mahali nitakapolegea.

Tangu tumzike Baba, ni boti hiyo inayomlisha Mama. Akina mama wa soko wanapanda na nyanya na sabuni kwenda visiwani, wanarudi na samaki wa omena, na Mama anapata chake. Toa injini, boti inabaki ya kuku kutagia. Baba Mdogo analijua hilo. Lakini injini ilipochemka kule majini mwezi wa kwanza, mkarudi kwa kupiga makasia na abiria wakiwatukana, yeye ndiye alitangaza bichi nzima kwamba imekufa, kilichobaki ni kuuza. Na wewe ukaitikia. Ulifanya jambo moja tu la maana, ukafungua pampu ukaniwekea kwenye basi ndani ya gunia la unga. Kwa hilo nakushukuru kwa moyo wote, na sitasahau.

Sasa nikueleze nilichokuta, maana hili mtalia nalo.

Hiyo pampu kazi yake ni moja, kuvuta maji ya ziwa na kuyapitisha kwenye injini ipoe. Ndani kuna gurudumu la mpira lenye mabawa, mafundi tunaliita impela. Yenu ilikuwa imebaki na mabawa mawili, mengine yamekatika yakaenda kuziba njia ya maji huko mbele. Beringi imeshika kutu mpaka haizunguki. Shafti, ule mhimili unaoizungusha, imelika, unapitisha kucha inakwama. Hayo yote ni uzee, hata mimi naelekea huko. Hasira yangu haikutoka hapo.

Chini ya tumbo la pampu kuna katundu kadogo. Kaliwekwa na aliyeitengeneza, kwa makusudi. Sili inayozuia maji ikichoka, maji yanadondoka hapo, nje, uyaone, ubadilishe sili, basi. Nyinyi mliona maji yanadondoka mkafanya nini? Mkaziba! Tena mkaziba vizuri, pamba na lami, kazi safi kabisa ya watu wa boti, mpaka nilihangaika na msumari uliopashwa moto ndiyo itoke. Maji yakakosa pa kutokea yakaingia kwenye beringi, beringi ikaoza, shafti ikaanza kucheza, mpira ukakatika, injini ikachemka. Aki Absalom! Mkiona tundu hamna swali lingine nyinyi. Tangu mko watoto mnaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini aliyesema hivyo hakuwa anaongea juu ya pampu.

Nilicheka peke yangu mpaka Mugo akatoka kuangalia kuna nini. Mugo ni huyu mwenye karakana ninakofanya kazi, sisi hutengeneza pampu za mashamba ya kahawa na za visima. Akaigeuza mara moja. "Haiya, Perez, hii ni ya kupimiwa kilo kwa watu wa chuma chakavu. Wacha kujisumbua." Nikamwambia hiyo ni ya marehemu baba yangu, asiiite ya kilo. Akakuna kichwa, akasema niifungue saa ya chakula, na vifaa vyake visipotee. Basi wenzangu wakienda kula githeri, mimi nilibaki na baba yangu pale mezani. Ndivyo nilivyohisi, usinicheke.

Sili na beringi nilizipata Thika bila shida. Shafti ndiyo ilinitoa jasho. Nilimpelekea Muli, fundi mmoja mpole mwenye mashine ya kuchonga chuma kule Makongeni. Hajawahi kuona ziwa, akaniuliza kama maji yetu yana chumvi. Akanichongea ya chuma kisichoshika kutu, lakini ilipoingia kwenye beringi ikakaza. Kidogo tu. Akaniambia tuigonge na nyundo itaingia, nani atajua? Nikamwambia mimi nitajua. Akaniambia watu wote hugonga. Nikavuta stuli nikaketi mlangoni kwake, nikamwambia siondoki mpaka ichongwe upya. Wateja wakija wananikuta hapo, nawasalimia. "Wui, dada, wewe ni mgumu!" Lakini akachonga, na ya pili ikaingia kwa kidole gumba. Mpaka leo akiniona ananiuliza ile pampu ya ziwa iko wapi.

Impela iliagizwa kwa watu wa boti Mombasa. Ilipofika Mugo akachota grisi tayari kuipaka, kwa sababu pampu zetu za mashamba zina impela za chuma na tunazipaka bila kufikiri. Nikamshika mkono hewani. Mpira huu ukila grisi unavimba. Nikaupaka maji ya sabuni, nikauingiza nikiuzungusha taratibu mpaka mabawa yote yakalala upande mmoja.

Siku ya kujaribu, nilitia bomba kwenye pipa la maji, nikafunga mkanda kwenye mota, nikawasha. Ikakohoa. Ikakohoa tena. Nikasema Mungu wangu, aibu hii nitaiweka wapi. Halafu ikashika, na maji yakaruka juu ya ukuta yakamwagikia nguo za jirani yetu Ciku alizokuwa amemaliza kuanika. Alikuja na beseni mkononi, amejaa vita, "Ni nani huyu ananifulia mara ya pili?" Akanikuta nalia. Nililia, Absalom, mbele ya Ciku na mbele ya Mugo, kamasi na machozi, kwa sababu sauti ile ya maji yakitoka ndiyo tulikuwa tunaisikia jioni tukijua Baba amefika salama. Ciku akaweka beseni chini akanishika bega. Nguo nilimfulia mwenyewe.

Katundu nimekaacha wazi. Nimekazungushia rangi nyekundu. Atakayekaziba tena atajibu kwangu.

Basi nikaifunga pampu vizuri ndani ya boksi niwatumie, nikiwa na furaha ya mjinga. Kumbe Baba Mdogo alikuwa anaisubiri kuliko hata wewe! Mitchell ndiye alinifungua macho. Mchuuzi amesema injini bila pampu haitaki, na pampu mpya ya aina hiyo haipatikani. Pampu ikifika kwa basi, injini inatolewa siku hiyo hiyo. Yaani mimi niliyekuwa nainama saa ya chakula na njaa yangu, nilikuwa namlishia mtu ng'ombe wa kuuza! Nilikasirika. Hata sikumjibu Mitchell vizuri, niombee msamaha.

Sasa fungua kile kifurushi cha gazeti.

Hiyo ni beringi ya zamani, hiyo ni mipira iliyokatika, na hilo pande jeusi ni pamba yenu na lami yenu. Mpe Baba Mdogo, amuuzie mchuuzi wake. Pampu haimo. Pampu iko hapa kwangu chini ya kitanda, na haitapanda basi bila mimi. Jumamosi hii inayokuja tutafika pamoja.

Najua atasema nini. Atasema binti aliyeolewa ni mgeni kwao. Mimi niliolewa nikarudi, na siku niliporudi na mtoto mgongoni Baba hakuniuliza mimi ni mgeni wa nani, alisogea kwenye benchi nikakaa. Atasema tena lile lake kwamba binti akiruka injini ya babake boti inapata nuksi. Nuksi gani? Akina mama wa soko wamekalia kifuniko cha injini hiyo miaka yote, na vikapu vyao na watoto wao, na ilikuwa inawaka. Nuksi ilikuja na pamba na lami, na mikono iliyoziba ilikuwa ya wanaume watupu.

Tulifundishwa mwenye nguvu mpishe. Mimi nimempisha. Alichukua shamba la mtoni kabla matanga hayajaisha, nikanyamaza. Alichukua baiskeli ya Baba, akachukua na koti, nikasema ni ndugu wa marehemu, acha avae. Wala simchukii, Absalom. Ndiye alikuwa akitubeba mabegani tukivuka matope kwenda shule, na nikifika nitamsalimia kwa mikono miwili na sukari nitamletea. Lakini hapa sipishi. Akitaka kunisukuma anisukume mbele ya bichi yote.

Sikia nitakavyofanya. Nitafika mchana, si kwa kujificha. Nitapanda boti watu wakiangalia, nitaruka hiyo injini mguu huku na mguu huku, nitafunga pampu kwa mikono yangu, nitawasha. Ikikataa kuwaka, basi mimi ni mwanamke wa maneno tu, auze, na sitafungua mdomo tena kwa mambo ya boti. Ikiwaka, Mama ndiye ataamua boti ni ya nani, naye akae kwenye kiti, si jikoni akipika chai ya kupeana mikono. Nimemwambia Mungu hivyo na sasa nakwambia wewe. Maji nimeshayavulia nguo, lazima niyaoge.

Wewe kazi yako ni ndogo. Injini isitoke kwenye boti kabla ya Jumamosi. Wakija mapema, kalia kifuniko. Wewe si mtoto, una mke na una ndevu. Ukiambiwa inuka, waambie dadako amesema uketi. Wanitukane mimi, nimezoea.

Nisalimie Mama sana, mwambie nakuja na dawa ya goti na asianze kunipikia tangu Alhamisi. Nisalimie Mitchell, mwambie ana dada Ruiru. Nisalimie na Baba Mdogo, usiogope, mpe salamu zangu kwa jina. Mungu awafunike, alitulize ziwa siku hiyo, na amsaidie Mama kulala bila mawazo.

Absalom, nakujua tangu ukinyonya. Najua unampenda Baba na najua unamwogopa Baba Mdogo. Kama siku hiyo roho itakataa kupanda boti pamoja nami, sitakulaumu. Ila usibaki mchangani na wale. Ingia majini mpaka magotini, simama karibu na boti, unishikie viatu.

Mimi dadako, nikupendaye hata ukinikatia simu,

Perez