Mtu wa Konde la Mbigili: Tunamkumbuka Edwin Thistlethwaite

Mwaka umetimia, Edwin, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya mvua, chai yako ikiwa bado ya moto mezani. Nyumba nimeizoea. Mkate bado naukata wa watu wawili.

Mikono yako ya kujenga kuta za mawe ilikuwa migumu, moyo laini. Kondoo wa jirani akifukiwa na theluji, wa kwanza kutoka ni wewe. Na yeyote aliyeshindwa kulitamka jina letu ulimkalisha kitako ukamweleza maana yake: ni konde lililofyekwa msituni, kisha likaota mbigili. Ati wazee wetu walihangaika kufyeka, wakaishia kuvuna miiba! Ulicheka hapo kila mara, kana kwamba ndiyo kwanza unaisikia hadithi hiyo.

Hatukujaliwa kuzaa, Mungu akatupa Corinne. Alikuja kutoka Liverpool ana miaka tisa, kabeba begi moja, haongei. Krismasi ile, mdogo wako Cuthbert akasema mezani kwamba jina litakufa nawe, kwani mtoto wa kuokota hawezi kulibeba. Mtoto akasikia. Kesho yake akaniambia hataki tena kuitwa kwa jina la watu.

Hukugombana na mtu. Ulimchukua hadi kwenye konde lenyewe, nami nikawafuata na keki ya tangawizi. Pale hapakuwa na kitu ila kondoo, mbigili na ukuta ulioporomoka.

"Waliobaki hapa hawakuitwa Thistlethwaite, mwanangu," ulimwambia. "Wote walikuwa wa hapa, jina hilo lingewatofautishaje? Aliitwa hivyo yule aliyehama, akafika kwa watu wasiomjua, wakamuuliza katoka wapi. Wa kwanza wetu alikuwa mgeni, kama wewe."

Kisha ukamfundisha kujenga. Sheria ya kazi yenu ni moja: jiwe ukishaliokota, hulirudishi chini, unalitafutia mahali ukutani. Yule mtoto alikutazama sana. Jioni hiyo ndipo alipokuita baba, nawe ukajifanya una vumbi machoni.

Hata hivyo, kwenye mazishi yako alikaa benchi la nyuma kanisani, akimwogopa Cuthbert. Iliniuma, Edwin. Nilirudi nyumbani nikalia kwa hilo zaidi kuliko kwa kifo chenyewe.

Mwezi uliopita ukuta wa konde uliporomoka tena, Corinne akaenda kuujenga. Cuthbert naye akaja kutazama, mikono mfukoni, kama kawaida yake. Akaokota jiwe, akaligeuza, akaona halifai, akataka kulitupa.

"Baba mdogo," Corinne akamwambia, "hilo umeshaliokota."

Mzee hakulitupa. Sheria hiyo marehemu baba yenu aliwafundisha nyote wawili, na anaijua. Alihangaika nalo weee, mpaka likakaa.

Jioni akaja kwangu, kofia mkononi. "Shemeji," akasema, "kwenye kumbukumbu ya kaka, binti aandikwe wa kwanza. Kwa jina letu."

Asante, Edwin, kwa kuta ulizotuachia na kwa vicheko vyako. Zaidi ya yote, asante kwa mtoto.

Unakumbukwa na binti yako, Corinne Thistlethwaite, mkeo, Enid, mdogo wako, Cuthbert, na mjukuu uliyemkosa kwa wiki chache tu, Edwin Thistlethwaite, ambaye tayari anacheka kama wewe.

Ulituokota, hukuturudisha chini. Nasi tumekushika, siku zote.